Kikombe cha Nyongeza

Wapo watu wanaoponzwa na maadui zao. Nyumba hii iliponzwa na kijana aliyeipenda, aliyekaa chini kwa roho safi akaandika sifa zake, na kila neno aliloandika lilikuwa la kweli.

Sifa hizo zilisomwa wakati wa chai ya asubuhi na Injinia, ambaye hakuwa injinia wa kitu chochote. Jina hilo alipewa na wauzaji wenzake na mama yake sokoni, waliosikia kwamba anashinda mbele ya kompyuta na wasione haja ya kuuliza zaidi. Ukweli ni kwamba Injinia alikuwa ametengeneza gemu. Kwa miaka mitatu, katika chumba cha nyuma ambacho mama yake alikuwa akihifadhia ndoo na mabeseni ya biashara, alijifungia akatengeneza gemu ya kompyuta ambayo mchezaji wake ni mwuzaji wa sokoni. Unapanga bidhaa, unaita wateja, unavutana nao bei. Ukikaza sana wanaondoka, ukilegea sana unafilisika. Mwuzaji wa kwenye gemu alikuwa na sauti ya mama. Walimrekodi ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, jasho likimtiririka, akipaza sauti, "Njoo tuelewane, mteja wangu!" mpaka jirani akaja kubisha hodi kuuliza kama kuna msiba.

"Sikilizeni mtu alivyoandika kuhusu gemu," Injinia alisema, simu mkononi. "Ametupa nyota tano. Anasema, 'Gemu tamu sana. Nimeinunua kwa mama mwenyewe, yule mwenye sauti, ana meza ya ndoo sokoni. Alianza na elfu ishirini, nikamlilia shida za chuo, tukaelewana elfu kumi na mbili, na akaniongezea kikombe cha plastiki. Nendeni mkamuone, ni mama mwenye utu.'"

"Huyo ni yule kijana mwembamba wa chuo," Mama alisema, uso ukimchanua. "Ana adabu sana yule. Na kikombe chenyewe nilimpa cha bluu."

Mke wa Injinia, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake, aliweka kikombe chake mezani. Alikuwa na tabia ya kusikia hesabu kabla ya kusikia kitu kingine chochote.

"Kumi na mbili?" aliuliza.

Hapo ndipo Injinia alipoisoma tena sifa ile, safari hii kimya kimya, na chai yake ikapoa.

Inafaa kueleza biashara yenyewe ilivyokuwa. Gemu iliuzwa mtandaoni, katika duka ambalo ndani ya nyumba ile liliitwa Duka Kubwa, maana kulitaja kwa jina lake kulimpandisha Injinia hasira. Karibu kila mtu anayecheza kwenye kompyuta ananunua huko. Yapo maduka mengine, kama zilivyopo njia nyingine za kufika kazini, ambazo kila mtu anazijua na hakuna anayezipita. Duka Kubwa lilichukua asilimia thelathini ya kila gemu iliyouzwa. Lakini lilikuwa na ukarimu wake: lilimpa mtengenezaji namba za kufungulia gemu, akaziuze mwenyewe popote atakapo, bila kukatwa hata senti. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba asiuze kwa bei iliyo chini ya bei ya dukani.

Wazo la kuchapisha namba hizo kwenye vikaratasi na kuziweka kwenye meza ya Mama, kati ya ndoo na mabeseni, lilikuwa la Mwalimu. Lilikuwa wazo zuri. Injinia alimwambia mama yake kwamba bei ni elfu ishirini, naye Mama alisikia kama anavyosikia kila mwuzaji wa sokoni anapotajiwa bei. Alisikia mahali pa kuanzia mazungumzo.

*

Kijana alikuwa ameandika sifa zake kwenye ukurasa wa gemu humo humo Duka Kubwa, kwa hiyo ujumbe wao uliingia siku hiyo hiyo, na ulikuwa na heshima zote. Ulianza kwa kumshukuru Injinia kwa kuwa sehemu ya familia yao. Ukaendelea kumjulisha kwamba ukurasa wa gemu yake umefichwa, kwa kuwa kuuza nje kwa bei ya chini ni kuvunja makubaliano. Ukauliza kikombe kilichotajwa kina thamani gani, na kama wanunuzi wa dukani nao watapewa. Mwisho ukamtakia siku njema.

Mama aliporudi kutoka sokoni jioni, walimweleza akiwa bado mlangoni anavua viatu.

"Sasa kosa langu nini?"

"Ulipunguza bei, Mama," Injinia alisema.

"Na bei si ni ya kupunguzwa? Mtu unamtajia ishirini, anatoa ishirini. Huyo mteja au mgonjwa?"

"Hawa hawataki."

"Hawa kina nani? Mzigo si wetu?"

"Wetu."

"Meza si yangu?"

"Yako, Mama."

"Kodi ya meza wananisaidia kulipa?"

"Hapana."

"Basi wananipangia bei kama nani?"

Injinia alikuna kichwa. Kwa miaka kadhaa alikuwa akiandika mtandaoni dhidi ya Duka Kubwa, maandishi marefu yenye hasira na takwimu, akiwaambia wachezaji kwamba soko lenye bwana mmoja si soko. Leo alijikuta anamtetea bwana huyo mbele ya mama yake.

"Ni masharti, Mama. Nilikubali masharti yao nilipojiunga."

"Uliyasoma?"

"Hakuna anayeyasoma. Ni marefu mno. Unashuka mpaka chini, kuna mahali pa kubonyeza."

"Ukabonyeza."

"Nikabonyeza."

Mama alimtazama Mwalimu, lakini Mwalimu alikuwa ameinamia madaftari ya wanafunzi wake na hakuwa na mpango wa kuinuka. Mama akauambia ukuta, "Na nilimsomesha."

"Wao katika hiyo ishirini wanachukua ngapi?" aliuliza baadaye, wakati wa kula.

"Sita."

"Elfu sita kwa kusimama mlangoni tu?"

"Wanasema watu wote wako kwao, Mama. Na kweli wako kwao."

Walikuwa wamekubaliana, wote watatu, kwamba msimu wa punguzo unaokuja ndio utakaoamua. Huo ndio wakati ambao Duka Kubwa linajaa watu na hata gemu ya mtu asiyejulikana huweza kuonekana. Gemu ikiuza, Injinia ataendelea na kazi yake. Isipouza, kompyuta itauzwa, naye atarudi kwenye karakana ya mabango alikoacha kazi, kwa bosi aliyemuaga kwa kumwambia, "Brashi yako nakutunzia." Sasa msimu ulikuwa unakaribia na gemu haionekani popote.

*

Kwanza Injinia alijikaza. Akasema afadhali iwe hivyo, yeye alishasema siku zote. Akaipeleka gemu kwenye duka jingine la mtandaoni, Duka Dogo, linalochukua asilimia kumi tu na ambalo mwenyewe hujibu barua kwa mkono wake. Mwenye duka alifurahi mno. Aliiweka gemu mbele kabisa, jambo ambalo halikuwa gumu kwa kuwa nyuma hapakuwa na vitu vingi. Wiki ikaisha. Ziliuzwa tatu. Moja ilinunuliwa na Mwalimu, moja na mwenye duka mwenyewe, na wa tatu akaomba arudishiwe pesa zake.

Injinia akavaa viatu akaenda sokoni kwa fundi simu, jirani wa meza ya mama yake. Fundi alikuwa mchezaji mkubwa wa gemu, na alikuwa na uchungu wake binafsi na wakubwa wa dunia: ng'ambo ya barabara lilikuwa limefunguliwa duka la simu la vioo vitupu, lenye kiyoyozi na vijana waliovaa sare, na wateja wake walikuwa wanavuka mmoja mmoja.

"Nakuunga mkono asilimia mia," fundi alisema bila kuinua macho kutoka kwenye simu aliyoipasua tumbo. "Wakubwa wanatumaliza hivi hivi tunaangalia. Mteja anatoka hapa, anakwenda kule analipa mara mbili, anarudi kunionyesha mfuko."

"Basi inunue Duka Dogo."

"Hapo sasa."

"Hapo nini?"

"Injinia ndugu yangu, gemu zangu zote ziko Duka Kubwa. Nimezikusanya tangu sijaoa. Washikaji zangu wako kule, kila kitu nilichoshinda kimeandikwa kule. Nikafungue akaunti nyingine, nikariri neno la siri jingine, kwa ajili ya gemu moja?"

"Huko ndiko kushindana kwenyewe. Usipohama wewe, nani atahama?"

"Nimekwambia nakuunga mkono." Fundi alipuliza vumbi ndani ya simu. "Ikirudi kule, nishtue."

Injinia alirudi nyumbani akiwa amefura. Alifungua kompyuta apoze kichwa, akaanza kucheza gemu ya mbio za magari. Mwalimu alisimama mlangoni akatazama kioo, akaona pembeni alama ya Duka Kubwa.

"Niliinunua zamani hii," Injinia alisema.

"Sijasema kitu, mume wangu."

"Zangu zote ziko huko. Nifanyeje sasa, nizitupe?"

"Mimi nimepita tu."

*

Akaandika barua ya kuomba msamaha. Aliandika kwamba kilichotokea ni kutoelewana, neno linalotumika pale ambapo mmoja ameelewa vizuri na mwingine hana nguvu. Jibu halikuchelewa. Namba zote zilizouzwa chini ya bei zifutwe, au wanunuzi waongezee pesa zilizopungua, na zawadi yoyote iliyotolewa irudishwe. Likifanyika hilo kabla ya msimu wa punguzo, ukurasa utafunguliwa.

"Rahisi," Injinia alisema. "Nazifuta. Kitufe kimoja."

"Ukizifuta, waliozinunua wanabaki na nini?" Mama aliuliza.

"Gemu inafunga. Wengine tayari wamemaliza kuicheza."

"Na pesa zao?"

"Mama, ni namba tu."

"Nilipopokea pesa zao hazikuwa namba tu." Mama alisimama, na alipokuwa amesimama hata Mwalimu aliacha madaftari. "Mtu amenilipa, amechukua mzigo wake, ameondoka. Wewe unataka nimnyemelee mpaka chumbani kwake niutoe. Huo ni wizi, hata ukifanywa na mtu amekaa kwenye kiti. Nitawaendea mwenyewe."

Akawaendea. Wateja aliowapunguzia walikuwa kama kumi hivi, na wote aliwakumbuka kwa sura na kwa maneno waliyomlilia. Katika miaka yote ya kukaa nyuma ya meza ile, Mama hakuwahi kumwita mteja aliyekwisha kuondoka. Hata aliyempa chenji ya ziada kwa bahati mbaya alimwacha aende. Sasa alijifunga kitambaa vizuri kichwani, akapiga moyo konde, akaanza na mke wa kinyozi, aliyemnunulia mwanawe.

"Mama Ndoo," mke wa kinyozi alisema kwa sauti iliyofika kwenye viti vya wanaosubiri kunyolewa, "siku hizi unauza kwa awamu? Basi nijulishe mapema awamu ya tatu ni lini."

Wanaume wakacheka. Mama naye akacheka nao, maana angefanya nini. Alitoka pale bila senti, na jioni akachukua pesa kwenye mauzo yake ya mabeseni, akamwambia Injinia kwamba mke wa kinyozi amelipa. Aliwalipia na wengine wawili hivyo hivyo.

Kijana mwembamba wa chuo ndiye aliyemuumiza zaidi, kwa kuwa alifurahi kumwona. Alimpisha kwenye kiti pekee cha chumba alichopanga na mwenzake, akapangusa kiti kwanza kwa fulana. Akamwonyesha kwenye laptopu alipofikia: mezani kwake kwenye gemu amefungua matawi mawili. Kutoka ndani ya laptopu sauti ya Mama ikaita, "Njoo tuelewane, mteja wangu!" na Mama mwenyewe, pale kwenye kiti, akatamani ardhi ipasuke.

"Mwanangu," alisema, "ile bei yetu, wenye duka wameikataa."

Ilimchukua kijana muda kuelewa. Alipoelewa, uso wake ulibadilika.

"Ni kwa ajili ya nilichoandika mimi?"

"Uliandika vizuri, mwanangu. Uliandika vizuri mno."

"Nilitaka watu waje kwako."

"Wamekuja," Mama alisema.

Kijana alipekua mifuko ya suruali zote mbili, akatoka nje, akasikika akimbembeleza mwenzake kwenye korido, akarudi na elfu nane iliyojaa sarafu. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Halafu akabaki amekaa.

"Na kile kikombe," alisema.

Kilikuwa kwenye dirisha, na ndani yake mlikuwa na miswaki miwili. Kijana aliitoa miswaki, akatafuta pa kuiweka asipate, akaishika mkononi. Akakisuuza kikombe kwenye bomba la nje, akakifuta, akampa. Mama akakitia kwenye mfuko wake, kikombe ambacho sokoni watu hununua vitatu kwa bei ya soda, akaaga. Njiani hakumsalimia mtu.

*

"Karibu tena nyumbani!" ndivyo Duka Kubwa lilivyomwandikia Injinia ukurasa ulipofunguliwa. Alipiga kelele ya furaha mpaka Mwalimu akaja mbio na mikono yenye povu. Walikumbatiana. Ndipo wakasoma mistari iliyofuata. Msimu wa punguzo ulikuwa unaanza kesho yake, na Injinia alialikwa kushiriki. Gemu zitakazopunguzwa bei kwa asilimia sitini zitawekwa ukurasa wa mbele. Hakuna anayelazimishwa. Zisizopunguzwa zitaendelea kupatikana kwa wenye kuzitafuta.

"Sitini," Mwalimu alisema. "Itabaki elfu nane."

"Najua."

"Mama aliuza kumi na mbili."

"Najua, mke wangu."

"Tumwambie?"

Injinia alitazama mlango wa chumba cha mama yake. Alijiona mwoga, na alikuwa mwoga kweli. Lakini alikuwa pia mtu aliyeiona ile brashi ya karakana ikimsubiri.

"Tumwambie ikishauza," alisema, akabonyeza.

*

Habari zilimfikia Mama kupitia kwa fundi simu, aliyekuja mezani kwake asubuhi akiwa amejaa furaha ya mtu aliyetenda mema kwa bei nafuu.

"Mama Ndoo! Si nilisema nitaiunga mkono? Nimeinunua gemu ya mwanao! Elfu nane!"

"Elfu nane ya nini?"

"Gemu. Duka Kubwa wamepunguza. Hii hapa mbele kabisa, hata huhitaji kuitafuta."

Mama aliitazama simu ya fundi kwa muda. Bei ya elfu ishirini ilikuwa imekatwa kwa mstari mwekundu, na pembeni ilikaa nane, nene, bila haya. Akampigia mwanawe.

"Hao watu wako wamepunguza bei."

"Ndiyo, Mama. Ni msimu."

"Kumbe wanajua kupunguza."

Injinia alisikika akifunga mlango.

"Na wao wakitaka kupunguza, wanamwomba nani ruhusa?"

"Wananiomba mimi."

"Ukawaambiaje?"

Fundi alijifanya kukagua ndoo.

"Nilibonyeza, Mama."

"Inauza?"

"Inauza mno." Sauti ya Injinia ilipasuka. "Tangu asubuhi imeuza kuliko tangu itoke. Mama, sirudi karakana. Nisamehe. Nilitaka kukwambia."

"Haya. Hilo jema," Mama alisema, na alimaanisha. Alifurahi kwa moyo wote, kwa kuwa ni mwanawe. Kisha akakata simu na kukaa kwenye kigoda chake, na uso ukawa unamwaka kama aliyezabwa kofi mbele za watu.

Baada ya kitambo alimwona kijana wa chuo. Alikuwa amesimama kando ya meza ya fundi, akisubiri wateja wapungue, simu mkononi. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira, Mama angejua la kufanya.

"Nilitaka kuuliza tu, Mama," alisema. "Si kwa ubaya. Labda sikuelewa jinsi inavyokwenda."

Mama hakumweleza jinsi inavyokwenda. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, akahesabu elfu nane kutoka kwenye mauzo ya asubuhi, akamnyooshea.

"Hapana, Mama. Acha tu, yameshapita."

"Shika. Wewe na mimi tulielewana kumi na mbili. Basi ni kumi na mbili."

"Na wakikuona wenye duka?"

"Shika, nimesema."

Kijana akazipokea. Mama akainama chini ya meza, akasogeza mabeseni, akatoa kikombe cha bluu. Alikuwa amekihifadhi siku zote hizo bila kukirudisha kwenye rundo la kuuza, kwa kuwa kilishakuwa cha mtu. Akakifuta vumbi kwa kanga yake, akakitazama ndani, akampa.

"Na nyongeza yako hii hapa," alisema. Akashusha sauti, akaangalia kulia na kushoto. "Lakini safari hii, mwanangu, piga mswaki kimya kimya. Usiandike popote."